Kutoka swala hadi swala: jibu kwa mama anayeona mchana wa Ramadhani unampotea

Swali: Mwalimu, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu na nina kazi ya nusu siku. Ramadhani nafunga na swala tano nazisali kwa wakati wake, alhamdulillah, ila kati ya swala na swala siku inaniponyoka. Nikishasali Alfajiri narudi kulala. Kazini nahesabu saa. Adhuhuri hadi Alasiri niko kwenye simu, na kutoka Alasiri hadi adhana ya Magharibi niko jikoni. Mwaka jana nilijiandikia ratiba: kukhitimu Qur'ani mara mbili, darsa kila siku, nyiradi kwa maelfu. Wiki ya kwanza haijaisha nilikuwa nimeviacha vyote. Nifanye nini muda huu uwe na maana? Na khitma mbili niziweke tena niya, au niache?

Jibu: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, mwanangu. Umeandika kama mtu aliyekosa kila kitu, na huku jambo kubwa kuliko yote unalo. Amepokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) amesema swala tano, Ijumaa hadi Ijumaa, na Ramadhani hadi Ramadhani hufuta yaliyo baina yake, maadamu madhambi makubwa yameepukwa. Mwenye kusali tano zake kwa wakati hana siku tupu. Kwa hiyo tunazungumzia kuongeza, na mtu huongeza juu ya kitu alichonacho.

Ratiba yako ya mwaka jana naiona ilikushinda kwa sababu mbili. Ilikuwa kubwa, hilo unalijua mwenyewe. Ya pili ni kwamba uliifunga kwenye saa ya ukutani: saa nne darsa, saa nane juzuu, saa kumi uradi. Saa nne mtoto akiugua, darsa imekwenda. Saa nane mgeni akibisha hodi, juzuu imekwenda. Ukishakosa vitu viwili kwa siku moja, moyo unavunjika na cha tatu unakiacha mwenyewe. Swala hukuiacha hata siku mtoto alipougua. Basi kila unachotaka kukiongeza kifunge kwenye swala, kiingie nayo na kitoke nayo.

Kwa vitendo ni hivi. Ukishatoa salamu, usiinuke. Mwanamke mwenye watoto huinuka kwenye mswala kabla salamu ya pili haijakauka mdomoni, naelewa, lakini Ramadhani hii jizuie kwa dakika kumi. Astaghfirullah mara tatu, Ayatul Kursiy, kisha subhanallah 33, alhamdulillah 33, Allahu akbar 33, na ya mia ukamilishe kwa la ilaha illallah wahdahu la sharika lah hadi mwisho wake. Nyiradi hizi zimethibiti, hazihitaji kitabu wala tasbihi, vidole vinatosha. Kisha fungua msahafu palepale ulipokaa na usome kurasa mbili. Ndipo uinuke. Na swala inayofuata, uwe umeshatawadha adhana inapotoka, kwa sababu dua baina ya adhana na iqama hairudishwi, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Dakika hizo chache watu wengi wanazimalizia bombani wakikimbizana na udhu.

Kwa kufanya hivyo tu, mara tano kwa siku, umeshapata karibu saa nzima ya ibada ambayo hukuwa nayo, na hakuna ratiba uliyoandika. Mtume (s.a.w.) alitaja mambo yanayofuta makosa na kupandisha daraja: kutawadha vizuri hata pale inapokuwa taabu, hatua nyingi za kwendea msikitini, na kungojea swala baada ya swala. Akaiita hali hiyo ribati, jina la ulinzi wa mpakani. Kwa mama aliye kazini na nyumbani, kungojea huko naona kunaanzia moyoni. Mwili uko kwenye shughuli, na moyo unajua adhana ijayo ni ipi na imebakiza muda gani.

Sasa nyakati zenyewe. Hazilingani uzito, na ukizitendea sawasawa utachoka bure.

Wakati ninaokuomba uupiganie kuliko wote ni ule wa baada ya Alfajiri mpaka jua litoke. Jabir bin Samura amesema Mtume (s.a.w.) alikuwa akishasali Alfajiri hukaa pale alipopasalia mpaka jua lichomoze vizuri, hadithi hii iko kwa Muslim. Ipo na ile ya Tirmidhi inayotaja ujira wa hija na umra kwa anayekaa hivyo kisha akasali rakaa mbili, na wanavyuoni wamezungumza juu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, wengine wakaikubali na wengine wakaitilia shaka. Hata ukiiweka pembeni, kitendo cha Mtume mwenyewe kinatosha kukukalisha.

Tena tazama sharia ilivyoupanga wakati huu. Baada ya swala ya Alfajiri mpaka jua lipande, na baada ya Alasiri mpaka lizame, swala za sunna zisizo na sababu zimekatazwa. Na Qur'ani, katika sura ya Qaf aya ya 39, inaamrisha kumsabihi Mola kabla ya jua kuchomoza na kabla ya kuchwa. Nyakati zilezile mbili. Mlango wa rakaa umefungwa na mlango wa ulimi umefunguliwa. Hukuachiwa nafasi ile iwe wazi, imepewa kazi yake, nayo ni kazi anayoiweza mtu aliyechoka, aliyekaa, hata anayemnyonyesha mtoto.

Mama wa waumini Juwayriya (r.a.) alikuwa mahali pake pa kusalia baada ya Alfajiri, Mtume (s.a.w.) akatoka. Aliporudi, jua limeshapanda, alimkuta bado ameketi. Akamuuliza: bado uko katika hali ile niliyokuacha nayo? Akasema ndiyo. Mtume akamwambia kwamba baada ya kuachana naye amesema maneno manne mara tatu, ambayo lau yangepimwa na yote aliyoyasema yeye tangu asubuhi yangekuwa mazito zaidi: subhanallahi wa bihamdihi, adada khalqihi, wa ridha nafsihi, wa zinata arshihi, wa midada kalimatihi. Maana yake umtakase Mwenyezi Mungu na kumsifu kwa hesabu ya viumbe vyake, kwa kadiri ya ridhaa yake, kwa uzito wa Arshi yake na kwa wino wa maneno yake.

Hadithi hii naipenda kwa ajili ya watu wenye majukumu. Juwayriya hakukemewa kwa kukaa kwake kirefu. Na aliyetoka kwenda kwenye shughuli zake hakuwa amepungukiwa: alisema maneno machache yaliyokusanya mengi, akayarudia mara tatu, basi. Siku uliyo na nafasi, kaa kama Juwayriya. Siku mtoto analia na sare ya shule haionekani, sema manne hayo mara tatu ukiwa umesimama. Zote mbili zimekubaliwa.

Usingizi wa baada ya Alfajiri siuharamishi. Umeamka kwa daku, una kazi mbele yako, mwili una haki. Ila uusogeze mbele kidogo: kaa mpaka jua litoke, likishapanda sali rakaa mbili za Dhuha, kisha kama bado kuna muda kabla ya kutoka, jinyooshe. Kama hakuna, utalipwa usingizi huo mchana, nitakueleza.

Saa za kazini nisingependa uziongezee kitu kingi. Muda ule umeuuza, na anayekulipa ana haki nao. Nimewaona watu wema kabisa wakifungua msahafu mezani huku mtu amesimama mbele yao anangoja kuhudumiwa. Kumhudumia mtu yule upesi, kwa uso mkunjufu na koo kavu, ndiyo ibada ya saa ile. Funga haikuletwa iwe ruhusa ya kulegea. Vita vya Badri vilipiganwa tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, na Makka ikafunguliwa Ramadhani ya mwaka wa 8. Weka niya asubuhi kwamba unatafuta halali ya watoto wako, kisha chunga ulimi wako. Bukhari amepokea kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyafanyia kazi, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Umbea wa kazini mchana wa Ramadhani una ladha ya ajabu, kwa kuwa hakuna chai ya kuukatiza. Inuka ukatawadhe.

Adhuhuri hadi Alasiri ndiyo sehemu iliyokusumbua zaidi, na ndiyo rahisi kuliko zote kuitengeneza. Lala. Nakuambia kwa dhati kabisa. Qailula, usingizi mfupi wa mchana, ilikuwa ada ya Maswahaba. Sahl bin Saad amesema walikuwa siku ya Ijumaa wakilala qailula na kula chakula cha mchana baada ya swala. Nusu saa inatosha kukusimamisha kwenye Tarawehe usiku. Kinachokuchosha katika muda huu ni ile simu: umejilaza lakini hulali, macho yamekauka, saa mbili zimepita na mwili haukupumzika. Simu iache chumba kingine, iwekee kengele ya kukuamsha uisikie ukiwa mbali nayo ili ulazimike kuinuka kuizima. Na kama Qur'ani unaisomea kwenye simu, zima intaneti kabla hujaifungua.

Hapa nitaje jambo moja. Watu wanapeana maneno kwamba usingizi wa mfungaji ni ibada, wanayanasibisha kwa Mtume (s.a.w.), halafu wanalala kutoka Alfajiri hadi Alasiri. Wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha riwaya hiyo. Anayelala ili apate nguvu za kusimama usiku analipwa kwa niya yake. Anayelala ili njaa isimkute, huyo ameukwepa mwezi wenyewe.

Sasa jikoni, kutoka Alasiri. Katika barua yako umeutaja muda huu kama uliopotea, na hapo ndipo sikubaliani nawe hata kidogo. Maswahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.) siku ya joto kali, wengine wamefunga na wengine hawakufunga. Waliofunga walianguka kwa uchovu. Wasiofunga wakasimama, wakapiga mahema, wakawanywesha wanyama. Mtume akasema: leo wasiofunga wameondoka na ujira. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, mpokezi wake ni Anas. Kama ujira ulikwenda kwa wahudumu wasiofunga, wewe unayehudumu na umefunga unadhani umekosa nini? Na anayemfuturisha aliyefunga ana ujira mfano wa wake, bila yule kupungukiwa. Nyumbani kwako kila jioni kuna waliofunga.

Lakini niya peke yake haitoshi ikiwa jiko limekumeza. Punguza. Aina za vyakula zikipungua hakuna atakayelala njaa, na wewe utapata robo saa ya mwisho kabla ya adhana. Robo saa hiyo ni yako. Tirmidhi amepokea kwamba mfungaji, mpaka anapofuturu, ni miongoni mwa wasiorudishiwa dua zao, na nyumba nyingi wakati huo mama ndiye anayekimbia na sahani huku wengine wameshainua mikono. Mwambie baba watoto na watoto wakubwa kwamba katika robo saa ile meza ni yao. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka kwenda kusali. Mumeo akibeba sahani amefuata sunna, mpe nafasi ya kuifuata.

Na mikono ikiwa kazini, ulimi uko huru. Fatima (r.a.), binti wa Mtume, mikono ilimwuma kwa kusaga kwa jiwe. Akaenda kuomba mtumishi, hakumkuta baba yake, akamwachia Aisha maneno. Usiku Mtume (s.a.w.) akawajia yeye na Ali wakiwa wameshajilaza, walitaka kuinuka akawaambia wabaki palepale, akaketi kati yao, hata Ali akasema nilihisi ubaridi wa nyayo zake kifuani pangu. Akawafundisha kilicho bora kwao kuliko mtumishi: wanapokwenda kulala waseme subhanallah 33, alhamdulillah 33 na Allahu akbar 34. Ali hakuuacha uradi huo maisha yake, hata usiku wa vita vya Siffin. Mwenye mikono inayouma ndiye aliyepewa tasbihi hizi. Zisome kila usiku kabla ya kulala, na jikoni mchana subhanallahi wa bihamdihi, subhanallahil adhim, bila hesabu.

Wengi hufungulia visomo vya Qur'ani jikoni. Ukiweza kusikiliza, fungulia. Ikiwa maji yanamiminika, sufuria zinagongana na watu wanapiga soga juu yake, zima kwanza. Qur'ani inaposomwa tumeamrishwa kuisikiliza na kunyamaza, Al-A'raf aya ya 204, na sauti yako mwenyewe ndogo ya dhikri itakufaa zaidi hapo.

Baada ya kufuturu sina maneno mengi. Magharibi hadi Isha ni muda mfupi, mwili unadai haki yake, kaeni na watoto, muwaulize funga yao ilikwendaje. Usiku, ukisali Tarawehe na imamu msikitini usiondoke mpaka amalize, kwa sababu anayesimama na imamu mpaka aondoke huandikiwa kisimamo cha usiku mzima. Ukisalia nyumbani, sali unachoweza bila haraka. Na kwa daku, amka robo saa kabla ya wakati unaoamka sasa. Qur'ani inawasifu wanaoomba maghufira katika saa ya daku, na sisi tumezoea kuimalizia saa hiyo mezani. Rakaa mbili na astaghfirullah chache kwanza, halafu jiko.

Khitma. Msahafu wa chapa ya Madina wenye kurasa 604 umepangwa hivi kwamba juzuu moja ni kurasa 20 hivi. Kurasa mbili kabla ya swala na mbili baada yake, mara tano, ni juzuu kwa siku na khitma moja kwa mwezi. Nimekuambia uanze na mbili za baada tu. Hiyo ni nusu ya juzuu, utamaliza mwezi uko katikati ya Qur'ani, na hilo lisikusumbue. Ukiona zimekaa vizuri wiki nzima, ongeza zile mbili za kabla. Khitma ya pili usiiwekee niya mwaka huu.

Abdullah bin Amr (r.a.) alikuwa kijana mwenye nguvu. Mtume (s.a.w.) alimwambia aisome Qur'ani kwa mwezi mmoja. Akasema anaweza zaidi, akazidi kuomba, mpaka akaruhusiwa kwa siku saba na akaambiwa asizidishe hapo. Alipozeeka alikuwa akimsomea mchana mtu wa nyumbani kwake fungu lake la usiku, ili likifika limwie jepesi, na akisema laiti ningeikubali ruhusa ya Mtume. Hakuliacha fungu, maana hakupenda kuacha jambo aliloachana na Mtume akiwa nalo, lakini lilimwelemea. Na kama kusoma kwako ni kwa kusitasita, unasoma herufi unarudi, jua kwamba asomaye hivyo huku ikimwia ngumu ana ujira mara mbili. Ukurasa mmoja wako usiupime na kurasa kumi za jirani.

Darsa ya kila siku iache. Chagua moja kwa wiki, isikilize mpaka mwisho.

Zitakuja siku za udhuru wako, na wanawake wengi huzihesabu kuwa Ramadhani imekatika. Kinachosimama ni swala na funga. Kusoma Qur'ani katika hedhi wanavyuoni wamekhitalifiana, walio wengi wameizuia na wapo walioiruhusu, basi fuata unayemwamini katika dini yako. Dhikri, dua, istighfari, kumswalia Mtume na kusikiliza Qur'ani hakuna aliyevizuia. Adhana ikitoka, tawadha kama ungependa, kaa mahali pako pa kusalia dakika zako kumi zilezile, sema nyiradi zako. Ukirudi kwenye swala utayakuta mazoea hayajavunjika.

Na siku ukikosa, maana utakosa, usirudie mtindo wa mwaka jana wa kuacha vyote. Umar bin Khattab (r.a.) amepokea kwamba anayepitiwa na usingizi akakosa fungu lake la usiku, kisha akalisoma baina ya swala ya Alfajiri na swala ya Adhuhuri, huandikiwa kama aliyelisoma usiku. Kurasa za Isha zikikupita, zisome asubuhi kabla hujatoka. Za Adhuhuri zikikupita kwa sababu ulikuwa na mgonjwa hospitali, usizilimbikize mpaka ziwe deni la kukutisha. Anza na za Alasiri na uendelee.